Masika haya tupike dengu zetu wenyewe

Mvua ikishika mpakani, biashara hulala. Malori yanakwama kwenye tope, magunia yanafunikwa turubai, nasi tunajibanza vibandani tukitafuna maandazi yaliyopoa tangu alfajiri. Cha ajabu, hayo magunia tunayoyakinga yasilowe yamejaa chakula ambacho Wahindi hukiona ndicho hasa cha siku za mvua: dengu, choroko na mbaazi.

Kwao mvua kubwa hunyesha kuanzia Juni hadi Septemba. Mawingu yakifunga tu, karai hubandikwa. Vitunguu, viazi au mchicha huchovywa kwenye unga wa dengu, hukaangwa na kuliwa moto moto kwa chai ya tangawizi. Watu wa kusini hupika rasam, supu nyepesi ya ukwaju, nyanya na pilipili manga, ambayo mwenye mafua humiminiwa kikombe akanywa. Nyama haimo, wala hakuna anayeiulizia.

Sisi si wageni kabisa wa mapishi hayo. Bajia na kachori tunazijua, na urojo wa Unguja una ukwaju na bajia ndani yake. Lakini ukishaingia bara, dengu huwa mali ya kupima kwenye mizani na kusafirisha, basi. Hapo ndipo nina neno na wafanyabiashara wenzangu.

Mnakumbuka mwaka 2017. Agosti ile India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi kutoka nje, na mwezi haujaisha ikaweka kikomo kwa choroko pia. Wakulima wa Lindi, Mtwara na Manyara walibaki na magunia, bei ikaporomoka, na sisi wa katikati tukala hasara kimya kimya. Mlango wa mbaazi ulikuja kufunguliwa wazi mwaka 2021. Nani atatuambia hautafungwa tena? Serikali ya India ina wakulima wake wa kuwalinda, na siwezi kuilaumu kwa hilo. Najilaumu mimi, niliyeuza mikunde miaka yote bila kumfundisha mteja wa hapa hapa namna ya kuila.

Kwa hiyo tuanze majumbani. Bajia za vitunguu: kata vitunguu vitatu vyembamba, vinyunyizie chumvi na uviache robo saa vitoe maji. Tia kikombe cha unga wa dengu, binzari ya manjano, pilipili na kotimiri. Ongeza maji kidogo sana, kwani rojo likiwa jepesi bajia hunywa mafuta. Kaanga kwa moto wa wastani, maana moto mkali huunguza nje na kuacha unga mbichi ndani.

Supu nayo ni rahisi zaidi. Chemsha nusu kikombe cha choroko zilizokobolewa katika vikombe vinne vya maji, pamoja na binzari, tangawizi na nyanya moja, mpaka zivurugike. Kando, chemsha kijiko cha samli, tia bizari nyembamba na kitunguu saumu, na vikianza kunukia umimine vyote juu ya supu. Kamulia ndimu. Gharama yake uilinganishe mwenyewe na bakuli la supu ya mbuzi.

Ukiuza ng'ambo, chunga ulimi. Mkenya akikuagiza ndengu anataka choroko, na Mtanzania akisema dengu ana maana nyingine kabisa. Mimi niliwahi kumpelekea mteja gunia la dengu, naye alikuwa anangoja ndengu. Gari lilirudi na mzigo wake, na nauli ililipwa kutoka mfukoni mwangu. Siku hizi naomba picha kwanza.

Masika yaliyopita nilisaga kilo kumi za dengu nikampa mama mmoja muuza chai wa Namanga ajaribu, kwa sharti kwamba zisiponunuliwa hanidai wala simdai. Madereva waliokwama kwa mvua walizimaliza bajia zake kwa siku mbili. Siku ya tatu alinipigia simu kuulizia unga, na mimi sikuwa nao.