Koltani ya Kivu na Viti vya Udaktari: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu ya Juu na Vyuo Vikuu, Kinshasa



Katika biashara ya madini ya Kivu kuna kifaa kinachofanana na bastola. Mnunuzi anakielekeza kwenye unga mweusi wa koltani, anabonyeza, anangoja kidogo, na kioo kinaandika asilimia ya tantali. Bei inatoka hapo. Mchimbaji aliyeteremka na mzigo kutoka Numbi au Shabunda hana la kubishana, kioo kimeshasema.

Kinachotokea katika muda huo mfupi ni fizikia ya kwanta tupu. Mionzi ya eksirei inaing'oa elektroni iliyo karibu na kiini cha atomu, elektroni ya ngazi ya juu inaporomoka kuziba pengo, na nishati inayotoka katika anguko hilo ina kipimo chake kwa kila elementi: tantali ina yake, niobi ina yake, bati lina yake. Mji wa Bukavu, Kivu ya Kusini, basi haisubiri fizikia ya kwanta ifike. Imeshafika, na inapanga bei. Lakini kifaa hicho hupotoka: unga ukiwa na unyevu, chembe zikiwa kubwa, au kikiwa kimerekebishwa kwa sampuli zisizofanana na mawe ya Kivu. Nani mjini ana elimu ya kukihoji, na cheti cha kumfanya asikilizwe?

Waziri anajua njia ya kijana wa Kivu ya Kusini anayependa fizikia. Anamaliza shahada ya licence, akibahatika anapata kazi ya uasistanti, anafundisha mwaka baada ya mwaka, na udaktari unabaki kitu cha safari: Kinshasa, Ubelgiji, popote palipo na profesa wa kumsimamia. Kwenda Kinshasa kulikuwa kwa ndege, kupitia uwanja wa Kavumu. Februari 2025 uwanja huo na mji wenyewe wa Bukavu viliingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23, na safari iliyokuwa ghali ikawa ya mzunguko pia.

Wakati huohuo tantali imepanda cheo. Kwa miaka mingi ilijulikana kwa kapasita za simu, kwa sababu juu yake huota ngozi nyembamba ya oksaidi inayozuia umeme vizuri sana. Mwaka 2021 watafiti wa Princeton, Marekani, walionyesha kwamba saketi za kompyuta ya kwanta zilizotengenezwa kwa tantali hudumisha hali yake ya kwanta kwa zaidi ya milisekunde 0.3. Katika fani hiyo huo ni muda mrefu. Mwaka 2025 chuo hichohicho kikavuka milisekunde 1. Siri ni ileile ngozi ya oksaidi, ambayo kwenye tantali ina kasoro chache na haiharibiki inaposafishwa kwa asidi kali. Tantali ikipozwa hadi karibu −269 °C hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Hakuna awezaye kuapa kwamba metali ya Princeton ilichimbwa Kivu, lakini Kongo ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa tantali duniani, na tasnifu kuhusu tabia zake zinaandikwa kwingine.

Bukavu nako kunaandikwa kuhusu koltani, tena vizuri. Kituo cha CEGEMI cha Université Catholique de Bukavu kinachunguza uongozi wa migodi: nani anachimba, nani anatoza, nani anabaki maskini. Kazi hiyo ni ya lazima. Ila jiwe lenyewe, mpangilio wa atomu zake na sababu ya niobi kung'ang'aniana na tantali ndani ya madini yaleyale, limeachwa nje ya mlango. Hata mbinu za utafiti, kwa wengi, zimekuwa na maana ya hojaji na mahojiano. Daftari la maabara, kurudia kipimo na kutaja kiasi cha shaka yake havijapata heshima hiyo.

Nchi hii haikuwa hivi. Mwaka 1959 chuo cha Lovanium, Kinshasa, chini ya rekta Luc Gillon, padri aliyekuwa mwanafizikia, kiliwasha TRICO, kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika. Karibu na Bukavu kuna Lwiro, kituo kilichotokana na IRSAC ya mwaka 1947, ambako matetemeko ya ardhi yamepimwa kwa miongo kadhaa.

Barua hii haiombi kinu wala mitambo ya baridi kali. Tangu 2010 shule ya ASESMA inawafundisha Waafrika kukokotoa tabia za elektroni ndani ya mango. Ilianzia Cape Town, mwaka 2012 ikawa Eldoret, Kenya. Inatumia programu za bure kama Quantum ESPRESSO, na nadharia iliyompa Walter Kohn Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1998. Fuwele ndogo ya tantali inakokotolewa kwa kompyuta ya kawaida, mradi umeme usikatike. Kigali nako kuna EAIFR, tawi la kituo cha fizikia cha Trieste, Italia, linalotoa uzamili na udaktari tangu 2018. Kuitaja Kigali katika barua iendayo Kinshasa si jambo jepesi siku hizi. Lakini mwanafunzi hachagui jiografia.

Kinachoombwa ni amri ya wizara inayoruhusu Université Officielle de Bukavu, Université Catholique na chuo cha ualimu cha ISP kuendesha pamoja uzamili mmoja wa fizikia ya maada, Lwiro ikiwa mwenyeji wa sampuli. Somo la kwanza lipo tayari: uwiano wa tantali na niobi katika mawe ya Numbi, Shabunda na Nzibira, na kiasi ambacho unyevu unapotosha kipimo cha mnunuzi. Kisha, kwa udaktari, wizara ikubali usimamizi wa pamoja na maprofesa wa nje, na mtahiniwa atetee tasnifu yake Bukavu huku sehemu ya jopo ikimsikiliza kwa intaneti.

Jibu, likiwapo, lipelekwe kwa sekretarieti za vyuo hivyo vitatu. Mwandishi atalisoma huko pamoja na maasistanti wengine.