Siyo Makelele

Ndugu zangu wakimbizi, na ninyi mnaokuja kutuhudumia, nina ugomvi na neno moja. Neno lenyewe ni "makelele". Jioni hapa Nyarugusu mzee anawasha redio yake kwenye AM, kijana anapita anasema, "Mzee, zima hayo makelele." Mfanyakazi wa shirika naye anapoleta boksi la redio za msaada, ukimuuliza kama zina AM, anacheka. Eti AM imekufa, siku hizi ni FM na simu.

Mimi nafanya kazi na vijana, na nasema wote wawili wanakosea. Tena kosa lao siyo la mchezo. Hapa watu wanaamua kurudi au kubaki, kumtuma mtoto kwa shangazi yake au kumzuia, kwa kufuata habari walizosikia. Ukimpunguzia mtu masikio, umemwamulia maisha.

Kwanza tujue hayo makelele yanatoka wapi. Mchana AM haifiki mbali sana. Jua linatengeneza tabaka angani, kama kilomita 60 mpaka 90 juu yetu, na tabaka hilo linameza mawimbi yanayopanda. Jua likizama, tabaka linapotea. Mawimbi yanapita, yanakuta tabaka lingine la juu zaidi, yanagonga na kurudi chini mamia ya kilomita kutoka yalikoanzia, pengine maelfu. Ndiyo maana stesheni ambayo saa sita mchana haipo kabisa, saa mbili usiku inaongea kama jirani, halafu inafifia, halafu inarudi.

Tatizo ni kwamba nafasi za kutangazia ni chache. Mwaka 1975, kule Geneva, nchi za Afrika, Ulaya na Asia zilikubaliana kugawana AM kwa hatua za kilohezi 9. Kuanzia 531 mpaka 1602 unapata nafasi 120 tu. Nchi zote hizo, kwa nafasi 120! Lazima namba moja itumiwe na wengi. Chukua 909. Kwa miaka mingi Sauti ya Amerika iliitumia kutoka mtambo wake wa kilowati 600 ulioko Selebi-Phikwe, Botswana. Namba hiyohiyo ilitumiwa na Radio 5 Live ya BBC kwao Uingereza. Walio mbali namna hiyo hawasumbuani. Ila si wote wanaotumia namba moja wako mbali hivyo, na usiku mawimbi hayaombi kibali cha kuvuka mpaka.

Kwa hiyo unachoita makelele mara nyingi ni watu wawili au watatu wanaoongea kwa wakati mmoja. Wageni wawili wakiongea pamoja mlangoni kwako husemi nyumba imeharibika. Unamwambia mmoja, "Subiri kidogo, ndugu."

Na redio unaweza kuiambia hivyo. Watu wengi wanavuta ile antena ndefu ya chuma, wanaona haisaidii, wanakata tamaa. Ile ni ya FM na masafa mafupi. Antena ya AM iko ndani: kijiti cheusi kilichozungushiwa waya mwembamba wa shaba, mara nyingi kimelala kufuata urefu wa redio. Kijiti hicho kinasikia vizuri ubavuni na ni kiziwi kwenye ncha zake. Ukiuelekeza ubavu kwenye stesheni, inapanda. Ukiielekeza ncha, inashuka, na mwingine aliyekuwa nyuma yake anatokea. Kwa hiyo izungushe redio polepole juu ya meza, kama unavyogeuza kichwa kumsikiliza mtu sokoni. Iondoe karibu na chaja ya simu na taa za sola, maana hizo ndizo zenye makelele ya kweli. Hakuna gharama hapo.

Halafu subiri saa kamili, maana stesheni nyingi zinajitaja hapo. Hata isipojitaja, sikiliza inasema ni saa ngapi. Kivu, Bujumbura na Botswana wako nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Mtangazaji akisema ni saa mbili usiku na saa yako inasema tatu, umeshajua kwamba haongei kutoka Dodoma. Kijana anayeweza kufanya hivi amejifunza kuuliza nani anasema, yuko wapi, na nani mwingine anasema kwenye namba hiyo. Nionyesheni somo lingine linalofundisha hayo kwa bei ya betri mbili.

Sasa wataniambia habari ya simu. Sawa, simu ninayo na ninaitumia. Lakini simu inataka bando, inataka chaji, inataka mtandao. Na habari nyingi zinazotufikia humo ni sauti zilizorekodiwa na mtu asiyejitaja, zikapitishwa kundi hadi kundi mpaka hakuna anayejua zilianzia wapi. "Uvira hali shwari." Nani kasema? Lini? Isitoshe, simu inajulikana ni ya nani. AM haikuulizi jina, haikupi namba, haijui kama unasikiliza. Kwa mtu aliyekimbia kwa sababu ya jina lake, hilo siyo jambo dogo.

Wataniambia pia kuna matangazo ya vipaza sauti na mabango ya taarifa. Nayo sawa. Tunahitaji kujua siku ya mgao na siku ya chanjo. Lakini kipaza sauti kina sauti moja, nasi hatukipigi swali. Mtu akinieleza hali ya kwetu kwa kipaza sauti, nataka nikirudi nyumbani niweze kumsikia na mwingine.

Kuna hoja moja ambayo naiheshimu, nayo wazee wetu wanaijua vizuri: redio iliua. Ni kweli. RTLM ya Rwanda, mwaka 1993 na 1994, ilichochea watu kuua majirani zao. Lakini kumbukeni ilisikikaje. Haikuja kwa sauti ya mbali inayofifia. Ilikuja kwa FM, karibu, safi, na muziki mzuri. Usafi wa sauti haujawahi kuwa dhamana ya ukweli. Hatari ilikuwa mtu kuwa na sauti moja kubwa sikioni bila ya pili ya kuipima. Ukimnyang'anya AM kijana kwa kuogopa redio mbaya, unambakizia ile iliyo karibu na yenye nguvu.

Na ndugu zetu Warundi wamuulize nani kuhusu stesheni za karibu? Mei 2015, baada ya jaribio la mapinduzi, redio binafsi za Bujumbura zilishambuliwa na kunyamazishwa: RPA, Isanganiro, Bonesha, Renaissance. Mwaka 2018 serikali ikasimamisha matangazo ya BBC na Sauti ya Amerika nchini. Studio ya mtaani inafungwa kwa kufuli moja na askari wawili. Mtambo ulio nje ya mpaka hauguswi na kufuli hilo.

Ila nao una kufuli lake. Machi 2025 ilikuwa zamu ya Washington: wafanyakazi wa Sauti ya Amerika waliambiwa wakae nyumbani, na matangazo yaliyokuwepo tangu 1942 yakanyamaza. Kwa hiyo simwambii mtu aabudu stesheni ya mbali. Aliyeamini moja tu, yoyote ile, siku hiyo alibaki na ukimya. Ninachosema ni kwamba tuzoee kusikiliza wengi, hata wanapogongana, hasa wanapogongana.

Kwenu mashirika nina maombi matatu. Kabla hamjanunua redio elfu moja, geuzeni boksi msome kama AM imo. Nyingi za sola na za kuzungusha mkono zinakuja na FM peke yake, na FM ya mjini haiwezi kuwa masikio yetu yote. Pili, hesabuni betri kama mnavyohesabu daftari. Warundi wanaziita mawe, na kweli redio isiyo nazo ni jiwe. Tatu, mkija kutueleza hali ya kwetu, msikasirike tukisema, "Jana usiku tulisikia tofauti." Hatuwatukani. Tunawaomba mtujibu.

Kwenu vijana wenzangu nina moja. Acheni kuwazimia wazee redio. Yule mzee anayeigeuza redio kidogo, anasubiri, anaigeuza tena, hajachanganyikiwa. Anamtoa mtu mmoja ili amsikie mwingine, na anajua kwamba yule aliyetolewa bado anaongea. Kaa naye mpaka saa kamili. Chukua daftari, andika namba, lugha, saa waliyoitaja na walichosema. Kesho linganisha na cha jirani yako. Daftari kumi za namna hiyo katika kambi hii, na mtu atakayekuja kutudanganya kuhusu kwetu itabidi ajiandae vizuri.