Huyo mtoi si "kababa"

Mwaka jana niliposti klipu ya mtoi wa ploti yetu hapa Mabatini. Miaka minne, sauti nzito, chunusi, ndevu zinachipuka. Nikaandika "Kababa ka ploti." Viu zilipanda kuliko kitu chochote nimewahi posti. Kwa komenti wengine wakasema amerogwa, wengine wakamtukana mamake.

Huyo mama alinipata kwa ngazi. "We kijana, ulimuona ukacheka. Mimi silali." Niliifuta usiku huo. Mwezi uliofuata wakahamia ocha.

Mimi si daktari, hata chuo niliacha njiani. Lakini nilienda kusoma, na wacha niwaambie.

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, inaitwa adrenali. Mara chache sana, mtoto huota uvimbe hapo, wengi wao wakiwa chini ya miaka mitano. Uvimbe huo unamwaga homoni za watu wazima kwa mwili wa mtoto. Ndiyo unaona nywele za siri, jasho la mtu mzima, sauti kubadilika, uso kufura, presha kupanda. Inaweza kuwa saratani. Ikishikwa mapema, operesheni inaweza kumponya. Ikichelewa, inasambaa.

Si kila mtoto anayebalehe mapema ako na uvimbe. Wengi hawana. Lakini msichana chini ya miaka 8 au kijana chini ya 9 akianza hizo dalili, apimwe damu na apigwe picha ya tumbo. Hiyo si laana, na si tabia mbaya.

Kusini mwa Brazil ugonjwa huu uko juu sababu ya jeni ya kurithi. Jimbo la Paraná lilipima watoto wachanga zaidi ya 170,000 kuitafuta. Sisi tunapima na komenti.

Na ujuzi hauko mbali. Tangu 2008 madaktari wa homoni za watoto kutoka nchi nyingi za Afrika wamefunzwa hapa Nairobi, pale Gertrude's, Muthaiga. Ni kuvuka Thika Road tu. Najua mama wa Mathare hana pesa ya huko. Basi aanze kliniki ya mtaa, aitishe barua ya kwenda Kenyatta, na asikubali kuambiwa "atakua tu."

Na wewe, kabla uinue simu kurekodi mtoi wa wenyewe, mwite mamake pembeni umwambie. Mimi sikufanya hivyo.