Gemu unaipenda, muda huna? Tafuta inayojua kukusubiri

Nipo hapa hapa Mji Mkongwe, joto na sisi, sisi na joto. Mwezi huu tuongee jambo ambalo wengi wetu tunalifanya kimya kimya, hasa usiku taa zikishazimwa: gemu za mtandaoni. Na sisemi zile za kupanga peremende wakati unasubiri daladala ijae. Nasema gemu za kuigiza, zile unazojitengenezea mtu wako, ukampa jina, ukamvisha, akajifunza kazi, akapigana, akatajirika, na njiani akakutana na watu wa kweli walioketi kwao Ulaya, Marekani au Nairobi.

Nimepata ujumbe wa watu wawili. Wa kwanza ni dada mmoja anayesema mumewe ni mtu mwema, hanywi, harandi mitaani, mshahara unafika nyumbani, lakini ikigonga saa nne za usiku anavaa spika za masikioni na haambiliki tena mpaka saa saba. Anauliza, je, amkataze? Wa pili ni kijana wa Fuoni. Alipokuwa chuoni alikuwa bingwa wa gemu hizi. Sasa ana kazi, ana mke, ana mtoto wa miezi saba, na muda wake mwenyewe kwa siku ni nusu saa, tena kwa bahati. Anauliza kama kuna gemu ya mtu kama yeye, au ndiyo aage moja kwa moja.

Hawa hawajuani, lakini wallahi wameuliza swali moja. Na jawabu langu kwao ni moja: ugomvi hauletwi na gemu, unaletwa na gemu isiyojua kusubiri.

Hebu tutazame michezo yetu wenyewe. Pita jioni pale Jaws Corner uone watu na kahawa yao, dhumna linapigwa, karata zinachanganywa, bao limetandikwa. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na akili inachemka kuliko gemu yoyote ya kompyuta. Lakini adhana ikilia, mtu anainuka. Akipigiwa simu kwamba mtoto ana homa, anainuka, mwengine anakaa pahala pake, mchezo unaendelea. Kesho akirudi anakaribishwa kama jana. Baraza halimkati mtu alama kwa sababu alikwenda kumtazama mkewe.

Sasa linganisha na World of Warcraft, iliyotoka mwaka 2004 na kuvuta mamilioni ya watu duniani. Katika miaka yake ya mwanzo kulikuwa na mapambano makubwa ya kuingia watu 40 kwa pamoja, kila mmoja na kazi yake. Mganga akiondoka katikati ya vita, 39 wanabaki kulia. Halafu kuna suala la saa. Chama chako kikiwa kwenye seva za Ulaya na wakapanga kukutana saa mbili za usiku kwa saa za Paris, kwetu wakati wa majira yao ya baridi tayari ni saa nne. Dada yangu, umeona? Huenda mumeo hakudharau. Kuna watu wanamsubiri kule, kama wewe unavyomsubiri huku. Tatizo ni kwamba kakubali miadi miwili kwa saa moja.

Na hili si la Zanzibar peke yake. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, huko Utah, Marekani, walitangaza utafiti wao juu ya jozi 349 za wanandoa wenye mchezaji wa gemu hizi ndani ya nyumba. Katika wenza wa wachezaji, asilimia 75 walitamani mwenzao apunguze juhudi kwenye chama chake cha gemu na aziongeze kwenye ndoa. Lakini sikiliza na hili: kilichoumiza zaidi hakikuwa idadi ya saa. Kilikuwa ugomvi unaozuka, na wawili kutolala tena kwa wakati mmoja. Na pale ambapo mume na mke wote wanacheza, asilimia 76 walisema gemu imeusaidia uhusiano wao. Kwa hiyo tusikimbilie kukataza. Tujifunze kuchagua.

Maswali matatu kabla hujapakua

Kwanza: nikiondoka ghafla, nani ataumia? Mtoto analia, mama mkwe anabisha hodi, umeme unakatika. Sisi tuliokaa kiasi cha mwezi mzima bila umeme mwaka 2008, kisha kiasi cha miezi mitatu tena kuanzia Desemba 2009, hatuhitaji kufundishwa hili. Kama jawabu ni "wenzangu wote watakufa", hiyo si gemu ya mtu mwenye mtoto mchanga.

Pili: nisipoingia wiki nzima, nitapoteza nini? Gemu nyingi siku hizi zinakupa zawadi ya kila siku ili ukose usingizi ukiikosa. Gemu nzuri inakwambia karibu tena, uliondoka hapa, endelea hapa. Kwa haki, hata hiyo World of Warcraft ina jambo hili: ukimwacha mtu wako nyumba ya wageni ukaenda zako, ukirudi anapanda levo kwa kasi zaidi kwa muda. Kwa hiyo anayecheza peke yake, bila vyama na miadi, anaweza kuimudu.

Tatu: inataka pesa yangu kwa njia gani? Ada ya kila mwezi kwa mtu anayecheza mara mbili kwa mwezi ni sawa na kulipia kodi ya nyumba usiyolala. Kuna na jingine baya zaidi, la kulipa ili ubahatishe kupata mhusika au silaha. Hilo nitalirudia.

Zenye kusubiri

Kijana wa Fuoni, ningekuwa wewe ningeanza na Old School RuneScape. Ilifunguliwa mwaka 2013, na imejengwa juu ya gemu kama ilivyokuwa mwaka 2007, kwa hiyo picha zake ni za kizamani na haitaki simu ya fahari. Tangu mwaka 2018 ipo kwenye simu, na akaunti ni ile ile ya kwenye kompyuta. Kuna sehemu ya bure na sehemu ya kulipia. Unamsimamisha mtu wako ufukweni avue samaki, wewe huku unambembeleza mtoto, mpaka mkoba wake wa nafasi 28 ujae. Bando likiisha akiwa anavua, hakuna msiba.

Ukiwa na kompyuta nzuri na waifai ya kuaminika, ipo Guild Wars 2 ya mwaka 2012. Haina ada ya mwezi, na sehemu yake ya msingi ni bure tangu mwaka 2015, ingawa akaunti ya bure ina mipaka yake. Kilichonivutia ni hiki: levo ya juu ilikuwa 80 ilipotoka na mpaka leo ni 80. Ukipotea mwaka mzima, ukirudi hujaachwa nyuma. Na ukikuta watu wanapambana na dubwana njiani, unaingia tu, unasaidia, unapata fungu lako, unaondoka. Ni kama baraza. Tahadhari, kuipakua kunakula makumi ya GB, usithubutu kwa bando la siku.

Anayependa kusoma, na Kiingereza hakimpigi chenga, ajaribu Fallen London ya mwaka 2009. Ni hadithi ya maandishi, unaichezea kwenye ukurasa wa intaneti, na wewe ndiye unayeamua mhusika afanye nini. Unaongezewa tendo moja kila dakika kumi, na akaunti ya bure haihifadhi zaidi ya 20. Yakiisha, yameisha, nenda kapike. Kingdom of Loathing ya mwaka 2003 nayo ni hivyo hivyo: zamu 40 kwa siku, vichekesho vingi, picha za vijiti kama za mtoto wa chekechea. Gemu inayokufukuza yenyewe ukalale, utaka nini tena?

Sasa Genshin Impact, maana najua mtaniuliza. Ilitoka mwaka 2020, ni nzuri kutazama, shughuli zake za kila siku ni nne tu, na utomvu unaotumia kuchukua zawadi hujaa polepole, zaidi ya siku nzima mpaka ufike 200. Kwa muda haina neno. Lakini wahusika wake wanapatikana kwa kubahatisha, na ukiishiwa unashawishiwa kununua nafasi nyingine ya kubahatisha. Pesa ya ada ya skuli ikapotea hivyo, usije kusema hukuambiwa.

Mkicheza wawili

Shoga yangu mmoja anafanya kazi hotelini kule kaskazini, mumewe yuko ofisini hapa mjini, na kwa wiki wanaonana siku mbili. Kila usiku, zamu yake ikiisha, wanaingia RuneScape kwa nusu saa. Wanakata miti pamoja na kusimuliana habari za siku. Ananiambia kwenye simu ya kawaida walikuwa wanaishiwa maneno baada ya "umekula?". Mikono ikiwa na kazi, maneno yanakuja. Si ndiyo mama zetu walivyokuwa wakizungumza huku wakichambua mchele?

Kwa hiyo dada yangu, usimkataze. Kaa naye mchana, si saa nne na spika ziko masikioni. Muulize maswali yale matatu, kisha mpatane: chama chake kipate usiku mmoja au miwili kwa wiki, siku zinazojulikana, na usiku uliobaki uwe wenu. Akitaka kucheza siku nyingine, acheze ile inayoweza kuwekwa chini ukimwita jina lake. Na siku moja mwombe akutengenezee mtu wako. Huenda ukampenda.

Nawe wa Fuoni, nusu saa inatosha. Mtoto kwanza.

Tukutane mwezi ujao, inshallah.