Kushuka kwa bei ya mafuta na Bonde la Kilombero

Kushuka kwa bei ya mafuta ghafi kati ya mwaka 2014 na 2016 ni tukio la uchumi wa dunia ambalo liligusa pia Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, Tanzania. Wakati huo kampuni za utafutaji zilikuwa zikijiandaa kuchimba kisima cha kwanza cha utafiti karibu na mji wa Ifakara. Tanzania haiuzi mafuta ghafi nchi za nje. Inanunua nje petroli na dizeli yote inayoitumia. Kwa sababu hiyo bonde hili liliguswa kwa namna mbili zinazopingana: upande mmoja nafuu ya bei ya dizeli, upande mwingine tumaini la mafuta lililowekwa kando.

Utafutaji

Bonde la Kilombero liko kati ya Milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge. Ni sehemu ya mfumo wa Bonde la Ufa la Afrika Mashariki. Matabaka ya mchanga na matope yaliyojaa humo kwa mamilioni ya miaka yaliwavutia wanajiolojia, hasa baada ya mafuta kugunduliwa kandokando ya Ziwa Albert nchini Uganda mwaka 2006, na baadaye Turkana nchini Kenya mwaka 2012.

Mnamo Februari 2012 ulitiwa saini mkataba wa kugawana uzalishaji kwa eneo lililoitwa Kilosa-Kilombero, lenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 17,000. Upande mmoja ulikuwa serikali na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC), na upande wa pili kampuni ya Swala pamoja na Otto Energy ya Australia. Vipimo vya mitetemo ya ardhi vilifuata, na mahali palipochaguliwa kwa kisima pakapewa jina la Kito.

Katikati ya mwaka 2014 Swala iliwauzia wananchi hisa kwa shilingi 500 kila moja, na mwezi Agosti ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Tarehe hizo zinastahili kuwekwa kando ya bei za dunia. Juni 2014 pipa la mafuta aina ya Brent lilifikia takriban dola 115 za Marekani. Januari 2015 lilikuwa chini ya dola 50, na Januari 2016 chini ya dola 30. Maana yake ni kwamba hisa ziliuzwa bei ikiwa kileleni, na kisima kikatafutiwa fedha bei ikiwa imeporomoka.

Kampuni ndogo ya utafutaji haina mafuta ya kuuza. Inaishi kwa fedha za watu wanaoamini kwamba mafuta yatapatikana na kwamba yatakuwa na bei. Imani hiyo ikipungua, kazi husimama hata kama ardhi haijabadilika. Hata hivyo haitakuwa haki kuitupia bei lawama yote. Uwanda wa mafuriko wa Kilombero, wenye hekta 796,735, uliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Ni makazi ya mnyama aitwaye sheshe, na uchimbaji katika eneo la namna hiyo unahitaji tathmini ya mazingira isiyokwisha kwa siku mbili. Kwa sababu hizo zote, miaka ya bei ya chini ilipita bila kisima cha Kito kuchimbwa.

Nafuu ya dizeli

Bei hiyohiyo iliyokwamisha kisima iliwapunguzia gharama wenye matrekta, mashine za kukoboa mpunga na malori ya Ifakara, ingawa si kwa kiwango walichotarajia. Bei kikomo zinazotangazwa na EWURA hubeba pia kodi na tozo, ambazo hazishuki pamoja na pipa. Tena mwaka 2015 shilingi ilipoteza thamani: dola iliyokuwa ikinunuliwa kwa takriban shilingi 1,700 ilipita shilingi 2,100. Sehemu ya nafuu ikaishia hapo.

Gharama zisizoshuka

Shida ya nchi zinazouza mafuta inaeleweka kwa urahisi na mkulima wa mpunga. Anayekopa pembejeo akitarajia bei nzuri ya gunia hulipa deni lilelile hata bei ikianguka wakati wa mavuno. Bei imebadilika, deni halikubadilika.

Sudan Kusini ndiyo mfano mkali zaidi katika eneo hili. Mafuta ni karibu mapato yote ya serikali yake, na hupita katika mabomba ya Sudan. Kwa makubaliano ya Addis Ababa ya mwaka 2012, Juba ilikubali kuilipa Khartoum ada za usafirishaji na fidia, jumla takriban dola 24 hadi 26 kwa kila pipa. Kiasi hicho kiliwekwa bila kufungamanishwa na bei ya soko. Pipa likiuzwa dola 110, baada ya ada hubaki zaidi ya dola 80. Likiuzwa dola 30 hubaki dola chache tu, kabla ya kuhesabu gharama za uzalishaji. Nchi hiyo ilikuwa pia vitani tangu Desemba 2013. Desemba 2015 iliacha paundi yake ielee, nayo ikapoteza sehemu kubwa ya thamani mara moja. Mapema mwaka 2016 Sudan ilikubali kulegeza ada hizo, lakini madhara yalikwisha kuingia katika mishahara na bei za vyakula.

Uganda haikuwa imeuza hata pipa moja, ila nayo iliona tofauti. Mwaka 2012 kampuni ya Tullow iliuza theluthi mbili za maslahi yake huko kwa dola bilioni 2.9. Mwaka 2020, bei ikiwa imeanguka tena kwa sababu ya UVIKO-19, iliiuzia Total theluthi iliyobaki kwa dola milioni 575. Kwa kipimo cha mwaka 2012, theluthi hiyo ingekuwa na thamani ya takriban dola bilioni 1.45. Bomba la kutoka Hoima hadi Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, limepangiwa ada ya dola 12.77 kwa pipa. Ni nusu ya mzigo uliobebwa na Sudan Kusini, lakini nayo ni ada isiyofuata soko.

Nchini Oman, wanakoishi watu wengi wenye asili ya Zanzibar, serikali ilipunguza ruzuku ya mafuta kuanzia Januari 2016, na Aprili 2021 ikaanzisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5. Norwei ilikuwa imeanza kuweka akiba katika mfuko wake wa mafuta mwaka 1996. Mwaka 2016 ilichota humo kwa mara ya kwanza. Tanzania ilitunga sheria ya kusimamia mapato ya mafuta na gesi mwaka 2015, yaani mwaka uleule ambao bei ilikuwa ikianguka.

Mapato ya halmashauri

Halmashauri za bonde tayari zinaishi na mapato yanayopanda na kushuka. Ushuru wa mazao hutozwa kwa asilimia ya bei. Mwaka 2017 ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Mpunga ukishuka bei, ushuru hushuka nao, wakati zahanati na madarasa hudai kiasi kilekile. Mafuta yasingeiondoa hali hiyo. Wilaya ya Kilwa, yenye gesi ya Songo Songo, hupata ushuru wa huduma unaotozwa kwa asilimia ya mauzo, kwa hiyo nayo hufuata thamani ya kilichouzwa.

Mto Kilombero huchangia zaidi ya nusu ya maji ya Mto Rufiji. Maji hayo hunywesha mashamba ya mpunga ya bonde kabla ya kufika katika Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya megawati 2,115, na hupita katika uwanda uleule uliopimwa kwa ajili ya mafuta.