Somo la Historia Lifike Songea
Mtaala mpya wa Tanzania umelipa somo la Historia ya Tanzania na Maadili nafasi ya pekee: linafundishwa kwa Kiswahili hata sekondari, ambako masomo mengi bado yanatolewa kwa Kiingereza. Hatua hiyo ni kubwa. Mwanafunzi aliyekuwa akikariri tarehe kwa lugha inayomkwaza sasa anaweza kuuliza, kubisha, hata kumhoji babu yake nyumbani.

Lakini lugha peke yake haitoshi. Mwaka 1906 Wajerumani waliwanyonga mjini Songea wapiganaji wa Vita vya Majimaji vya kupinga utawala wao, akiwemo Nduna Songea Mbano, ambaye mji huo unaitwa kwa jina lake. Leo pana makumbusho ya vita hivyo. Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika hapo, akaomba msamaha na kuahidi kwamba nchi yake itajitahidi kulitafuta fuvu la Songea. Humo mna historia, uraia na diplomasia kwa pamoja. Je, mtoto wa Ruvuma, mkoa ulipo mji huo, atapelekwa akapaone, au atanakili aya mbili kutoka ubaoni?

Mengi yataamuliwa na mtihani. Ukiuliza tu vita vilianza lini, mwalimu atafundisha 1905 na kusonga mbele. Ukimtaka mwanafunzi alinganishe simulizi ya mzee wa kijijini na maelezo ya kitabu, hata mwalimu asiye na kitu ila chaki atawatuma watoto kwa wazee, wangali hai.