MTOTO MWENYE USONJI AAMBIWE MAPEMA



Tarehe 16 Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa nchini. Kesho yake shule zikafungwa. Siku moja tu! Watu wazima tulihangaika, sembuse mtoto mwenye usonji, ambaye utulivu wake wote ni kujua baada ya hiki kinakuja kipi.

Hapa Kibaha jirani yangu mmoja ana kijana wa namna hiyo. Kila asubuhi alivaa sare, akabeba begi, akasimama mlangoni. Akizuiwa, anajiuma mikono. Watu wakasema ni jini, nikaitwa nimsomee. Nilisoma, na Qur'ani ni shifaa, lakini nakiri: hakuna aliyekaa akamweleza mtoto kwamba shule imefungwa. Mimi wa kwanza.

Aliyenizindua ni mama mmoja wa Kisarawe. Yeye alimpeleka mwanawe getini, akaliona kufuli. Sare wakaikunja pamoja. Misikiti haikufungwa, adhana iliendelea, basi akachora ukutani swala tano: baada ya Adhuhuri kuchora, baada ya Alasiri kufagia uwanja. Mtoto akapata kengele nyingine.

Mzazi, usingoje tangazo jingine. Mwambie sasa, kwa maneno machache: shule ikifungwa, tutafanya hivi. Usimtajie siku ya kufunguliwa kama huijui, maana kwake hiyo ni ahadi; safari ile shule za msingi zilirudi 29 Juni. Na mwenye wasiwasi mwingi, usimwachie redio ya habari za vifo kutwa.

Mwenye mtoto kama huyu, aje baada ya swala ya Ijumaa tuichore hiyo ratiba. Kadibodi ninayo.